NAULI YA MHUBIRI HUTOKA MFUKONI MWA NANI?

Mtu akisimama jioni ya Ijumaa katika kituo cha mabasi ya mashambani kiitwacho Machakos, karibu na Muthurwa, ataona watu wa namna nyingi wakishuka. Wapo wafanya biashara wenye magunia ya njugu na kuku waliofungwa miguu, wapo wanafunzi, wapo wazee waliokuja kuwatazama watoto wao. Na katikati yao hakosi kuwapo mtu mmoja au wawili waliovaa koti lililopigwa pasi kwa uangalifu, wenye mkoba mdogo na Biblia ndani yake, wakiuliza njia ya kwenda Kaloleni, au Makongeni, au Jericho. Hao ndio wahubiri wasafirio. Wameitwa na ndugu zao walioko mjini waje kuwafundisha kwa siku mbili tatu, kisha warudi makwao.

Jumapili asubuhi tutawasikia wakihubiri, na sauti zao zitafika hata barabarani. Lakini ni wachache kati yetu sisi wasikilizaji tunaojiuliza neno moja jepesi: mtu huyu amekujaje, naye atarudije? Nauli yake imetoka wapi? Na huko alikotoka, ni nani anayemkamulia ng'ombe wake leo?

Mimi sikupata kujiuliza hayo mpaka nilipoaibika. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mweka hazina wa kusanyiko dogo katika mitaa hii ya Eastlands, ambalo sitalitaja jina. Tulikuwa watu kama sitini hivi, makarani, madereva, walinzi wa usiku, na akina mama wauzao mboga. Tukamwita mhubiri kutoka upande wa Magharibi, mtu mzima, mkulima, ambaye sifa zake zilikuwa zimetufikia. Akaja kwa basi la usiku. Alihubiri Ijumaa, akahubiri Jumamosi, na Jumapili alihubiri mara mbili. Sadaka iliyotolewa ilipita kabisa kiasi cha desturi yetu.

Nikalipa gharama ya hema. Nikalipa viti. Nikamlipa mwenye vipaza sauti, na mafuta ya jenereta yake, na mchele na nyama ya wageni. Yote niliyaandika katika daftari, na kila shilingi ilikuwa na stakabadhi yake. Sikubaki na deni hata kidogo, na moyoni mwangu nilijisifu.

Jioni mzee yule alikuja kuniaga. Alikaa kitini muda mrefu bila kusema neno, kama mtu anayengoja kitu. Nikadhani amechoka. Palikuwapo mama mmoja auzaye sukuma wiki, aliyekuwa akituoshea vyombo. Akafuta mikono, akafungua fundo la leso yake, akatoa noti zilizokunjwa, akaziweka katika mkono wa mzee. Mimi hakuniangalia. Ndipo nilipofahamu. Tulikuwa tumelipia viti, lakini hatukumlipia mtu aliyewafanya watu waje kuvikalia.

Baadaye nilisikia yaliyosalia. Nauli ya kuja alikuwa ameikopa kwa jirani. Tena ilikuwa mwezi wa Aprili, wakati wa palizi, na mahindi yake yalikuwa yakisongwa na magugu siku zote alizokuwa akitufundisha. Nilimpelekea salamu za kuomba radhi pamoja na fedha, naye akanijibu kwa upole: "Mwanangu, mimi sikuja kwa ajili ya fedha. Lakini kondakta wa basi hapokei Zaburi."

MGENI SIKU MBILI

Jambo hili si geni. Mtume Paulo alikuwa fundi wa mahema, na mara nyingi alijilisha kwa kazi ya mikono yake. Hata hivyo Wakristo wa Filipi walimpelekea msaada alipokuwa Thesalonike, tena si mara moja tu. Yeye mwenyewe aliwaandikia Wakorintho maneno mengi kuonyesha kwamba mhubiri ana haki ya kulishwa na kazi yake, kisha akaeleza kwamba yeye hakuitumia haki hiyo kwao. Basi tangu mwanzo mambo yalikuwa mawili: haki ya kupewa, na hiari ya kutodai.

Kiko kitabu kidogo cha Kigiriki cha Wakristo wa zamani sana, kiitwacho Didache, yaani Mafundisho. Kilikuwa kimepotea kwa karne nyingi, hata mwaka 1873 Philotheos Bryennios, kiongozi wa Kanisa la Orthodox, alipokipata katika maktaba ya mji ule uitwao leo Istanbul. Ndani yake mna amri juu ya wahubiri wapitao. Wapokewe kwa heshima. Mhubiri akae siku moja, na ikiwa lazima, ya pili. Lakini akikaa siku tatu, si wa kweli. Aondokapo apewe mkate wa kumtosha mpaka malazi yake ya usiku. Akidai fedha, huyo ni nabii wa uongo. Na msafiri mwingine yeyote atakaye kukaa kabisa, kama ana ufundi wake, na afanye kazi ndipo ale. Msomaji atatabasamu, maana haya ni yale yale tunayosema sisi: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nao walioandika kitabu hicho hawakupata kuiona Mombasa wala Lamu.

Lakini sheria ile ilitungwa kwa ajili ya mtu aendaye kwa miguu. Mkate ulimtosha kweli. Mhubiri wa leo akipewa mkate peke yake hatapita hata Uthiru.

HABARI ZA MARAFIKI

Kati ya madhehebu yote yaliyomo katika mitaa yetu, wale waliolifikiri jambo hili kwa muda mrefu kuliko wengi ni Marafiki, ambao Waingereza huwaita Quaker. Hapa Kenya walianza Kaimosi mwaka 1902, walipofika wamisionari watatu kutoka Marekani, Arthur Chilson, Edgar Hole na Willis Hotchkiss. Leo Kenya ndiyo nchi yenye Marafiki wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Vijana wao wa Maragoli, Tiriki na Bungoma walipokuja Nairobi kutafuta kazi katika reli na maofisi, walikuja na ibada yao, na kanisa lao la Ofafa, upande wa Jogoo Road, linajulikana sana. (Mtaa wenyewe ulipewa jina la Ambrose Ofafa, diwani wa mji aliyeuawa mwaka 1953.) Mkutano wao wa Mwaka wa Afrika Mashariki uliundwa mwaka 1946, na ule wa Nairobi ukapata kusimama peke yake mwaka 1987.

Marafiki wa kwanza, huko Uingereza katika karne ya 17, walikataa kabisa habari ya mhubiri kulipwa mshahara. Wengi walitiwa gerezani kwa sababu hawakukubali kulipa zaka kwa ajili ya mapadre wa kanisa la serikali. Basi wahubiri wao walikuwa wakulima, mafundi na watumishi wa nyumbani waliotoka makwao wakaenda huko na huko. Na hapo ikazuka taabu. Mtu asiyepokea mshahara huchakaza viatu sawasawa na mtu apokeaye.

Aliyeitambua taabu hiyo ni mwanamke, Margaret Fell, mke wa hakimu, aliyekaa katika nyumba iitwayo Swarthmoor. Mwaka 1654 ulianzishwa mfuko katika mji wa Kendal, na watu wawili, George Taylor na Thomas Willan, wakawekwa kuutunza. Makusanyiko yalichanga kidogo kidogo, na fedha zikatoka kwa mahitaji ambayo karani yeyote angeweza kuyahesabu: viatu vya huyu, nguo za yule, msaada wa aliyefungwa gerezani, gharama za anayevuka bahari. Watunza hazina hao walimpelekea Margaret Fell hesabu zao kwa barua. Haukuwa mshahara hata kidogo. Ulikuwa ni kumwondolea msafiri kizuizi, ili asirudi nyumbani kwa sababu ya kukosa kiatu. Mimi niliposoma habari hizo nilizikumbuka stakabadhi zangu za hema na viti, nikaona haya mara ya pili.

Mwingine wa kukumbukwa ni John Woolman, mshona nguo wa New Jersey huko Marekani, aliyezaliwa mwaka 1720. Alikuwa pia na duka, na duka likastawi hata likaanza kumfunga miguu; akaamua kuacha biashara ile, akabaki na sindano yake na miti yake ya matunda, apate nafasi ya kusafiri. Mwaka 1757 alizunguka katika majimbo ya kusini, na huko Marafiki waliompokea walikuwa na watumwa. Desturi ilikuwa kwamba mhubiri hula na kulala bure. Woolman hakuweza kumeza chakula hicho, maana aliona kwamba anayemkaribisha hasa si mwenye nyumba bali ni yule mtumwa aliyepika, aliyetandika kitanda, na asiyelipwa. Basi alipoondoka aliacha fedha, akiomba wapewe watumwa, au akawapa mwenyewe. Mwaka 1772 alikwenda Uingereza, akatembea kwa miguu kutoka London kuelekea kaskazini, kwa kuwa magari ya farasi ya siku zile yaliwatesa farasi na vijana waliowaendesha. Alifika York, akashikwa na ndui, akafa huko mwezi wa Oktoba.

Sisemi kwamba wahubiri wetu watembee kwa miguu kutoka Kakamega. Nasema tu kwamba mtu huyu aliuliza swali ambalo sisi hatuliulizi: ukarimu ninaoupokea, anayeulipia hasa ni nani? Katika nyumba zetu za chumba kimoja jibu si gumu. Mgeni akipewa kitanda, watoto hulala sakafuni na baba huenda kwa jirani. Mama huamka saa kumi alfajiri kuchemsha maji ya kuoga. Katika hesabu za kanisa hayo yote huandikwa kwamba malazi yalikuwa bure.

Liko jambo lingine la Marafiki ambalo lingetufaa sote. Rafiki ajisikiaye kuitwa kwenda kuhubiri mbali haendi hivi hivi. Hulileta wazo lake mbele ya kusanyiko lake. Nao wakiliona kuwa jema, karani wa mkutano humwandikia barua ya safari, yenye kusema kwamba fulani ni mwenzetu na tumekubali aende. Popote aendapo barua husomwa, na wenyeji huandika juu yake maneno mafupi kwamba walimpokea. Akirudi, barua hurudishwa kwa waliomtuma. Kwa barua hiyo wenyeji humjua mgeni wao, na kadhalika waliomtuma hujifunga: wakiisha kutia sahihi, hawawezi kusema kwamba safari ile ni shauri lake mwenyewe, wala nyumba yake isipokuwa na unga hawawezi kusema kwamba haiwahusu.

Isidhaniwe kwamba Marafiki wa Kenya wa leo hawana wachungaji. Wanao, nao hupewa posho na makusanyiko yao. Lakini katika sehemu nyingi posho hiyo ni ndogo, na mchungaji hulima kama watu wengine.

WENGINE WANAVYOFANYA

Ndugu wa Uamsho, ambao kundi lao kutoka Rwanda lilifika Kabete mwaka 1937, hawakuwa na ofisi wala mhubiri wa mshahara. Walisafiri wawili wawili au kundi zima, na aliyekuwa nacho alimlipia asiye nacho. Kwa kuwa walizoea kusema mambo yao waziwazi mbele ya wenzao, hata deni la nauli lilitajwa katika mkutano, na likitajwa halikukaa muda mrefu.

Kanisa la Israel Nineveh, lililoanzishwa na Zakayo Kivuli mwaka 1942, hujulikana kwa kanzu nyeupe, bendera na ngoma zinazopita mitaani Jumapili. Pumwani nako, Waislamu humpokea sheikh mgeni hasa katika mwezi wa Ramadhani; hufuturu katika nyumba hii leo na nyumba ile kesho, na sadaka yake hukusanywa msikitini baada ya sala.

Kwa makanisa makubwa yaliyoletwa na misioni, shida ilikuwa nyingine. Kwa miaka mingi fedha zilitoka ng'ambo, hata mshiriki akazoea kuona kwamba kasisi analishwa kutoka mbali kama vile anavyolishwa bwana posta. Mwaka 1971 Mchungaji John Gatu, Katibu Mkuu wa kanisa la P.C.E.A., aliwashangaza wengi alipotaka wamisionari na fedha za kigeni visimame kwa muda, ili Waafrika wajifunze kusimama wenyewe. Wengine walimwona kuwa mtu mkali. Lakini neno Jitegemea likawa la kanisa lile, na wazee wa vitongoji wakaanza kuzunguka na madaftari.

FEDHA NA NENO

Yuko msomaji atakayesema: mwandishi anataka wahubiri wapewe fedha, naye haoni jinsi fedha zilivyowaharibu? Naona. Wako wanaofika kwa gari kubwa na kutaja kiasi wanachotaka kabla hawajafungua Biblia. Mwaka 2023, baada ya miili zaidi ya 400 kufukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kilifi, watu wengi walianza kuuliza kila mhubiri ametumwa na nani. Tena mwezi wa Novemba 2024, Rais William Ruto alipotoa fedha katika kanisa Katoliki la Soweto hapa Nairobi, Askofu Mkuu Philip Anyolo aliagiza Shs. 2,600,000/- zirudishwe, kwa kuwa kanisa halikutaka kutumiwa katika siasa.

Lakini nawaomba wasomaji watazame jambo hilo kwa upande wa pili. Mhubiri ambaye kusanyiko halikumpa nauli atapata nauli mahali pengine. Atampata mwanasiasa wa kumpa, au tajiri mmoja wa mtaani, na Jumapili ijayo tutashangaa kwa nini maneno yake yamebadilika. Mimi naona kwamba shilingi ishirini za watu sitini hazina hatari kama ile ya noti nyingi za mtu mmoja, maana hakuna hata mmoja katika wale sitini awezaye kumwambia mhubiri aseme nini.

DAFTARI LA SAFARI

Baada ya aibu yangu tuliketi katika halmashauri, tukabishana jioni tatu. Wengine walitaka mhubiri apewe sehemu ya sadaka ya siku ile. Mzee mmoja akakataa, akasema kwamba ndivyo mhubiri anavyofundishwa kuliliza kundi ili kikapu kijae. Nami nadhani alikuwa na haki. Mwishowe tuliamua kutenga fungu lake kabisa, na daftari lake peke yake.

Kila mtu hutoa Shs. 20/- kila Jumapili, na asiye nazo haulizwi. Wakiwa sitini ni Shs. 1,200/-, na kwa Jumapili nne Shs. 4,800/-. Halikusanywi siku mhubiri anapokuwapo. Limekwisha kukusanywa kabla hajaitwa, na kama halijatosha, haitwi. Nauli ya kuja na ya kurudi hupelekwa kwa M-Pesa kabla hajatoka kwake, kutoka namba ya kanisa na si ya mtu. Anayempa mgeni malazi hupewa kitu kwa ajili ya makaa, sukari na maji, hata akikataa, na huandikiwa.

Kisha tukaandikia kusanyiko la mhubiri huko kwao, na neno hili ndilo lililokuwa gumu. Tuliwaambia kwamba sisi tunachukua mzigo wa njia na kitanda, nao wachukue mzigo wa nyumba. Maana tulikuwa tumefahamu kwamba nauli si gharama kubwa ya safari hizi. Gharama kubwa ni siku nne za palizi, au wiki ya kupanda mvua ikiisha kunyesha. Mkulima anajua kwamba siku hizo hazilipwi baadaye. Tukaomba kwamba vijana wao waingie shambani kwake siku atakazokuwa kwetu. Na ikiwa vijana hawako, basi fungu letu litoe ujira wa kibarua. Mwanzo walikasirika, wakasema watu wa mjini wamezoea kupima kila kitu kwa fedha. Mwaka wa pili walikwenda kumi na wawili, wakapalilia shamba lote siku moja.

Hatukufaulu katika yote. Mara mbili fungu lilikopwa kwa kulipia mazishi na likachelewa kurudi, na mwaka mmoja hatukumwita mtu yeyote. Wako pia wanaonung'unika kwamba tumeondoa furaha ya kumtunza mgeni kwa mkono, na kwa hao hatuna kizuizi; mama yule wa sukuma wiki angali akifungua fundo la leso yake kila mgeni aondokapo, na hakuna aliyethubutu kumwambia aandikishe.

Mzee wa kwanza tulimwita tena. Tulimtumia nauli mapema, naye aliporudi kwao tulipata ujumbe katika simu ya kanisa kwamba zimeingia Shs. 250/-. Tulipomwuliza, alisema kwamba basi la siku ile lilikuwa rahisi kuliko tulivyokadiria, kwa hiyo amezirudisha zilizobaki. Halmashauri ilijadili jambo hilo karibu saa nzima, wengine wakitaka zirudishwe kwake, wengine wakisema kwamba kumrudishia ni kumvunjia heshima. Zikaandikwa katika daftari upande wa mapato.

Wasomaji ambao makusanyiko yao yana desturi nyingine, hasa wale walio mashambani ambako ndiko wahubiri hawa hutoka, na watuandikie.